Vijiti vya maua: uchomeke hivyo hivyo, au upake dawa ya mizizi kwanza?

Mwaka juzi mama jirani yangu hapa Buhongwa, Mwanza, aliniita uani kwake nikaone bogenvilia zake. Alikuwa amechomeka vijiti kumi na viwili kwenye viriba, vyote vya ile rangi ya machungwa unayoiona ikimwagika juu ya kuta za Capri Point. Wiki tatu zilikuwa zimepita na vyote vimechipua majani. "Umeona mwanangu? Na dawa sikuweka." Nikampa hongera zake. Haikufika wiki mbili nyingine, majani yote yakalala kama yamemwagiwa maji ya moto. Tukang'oa kimoja: chini hakuna hata unyuzi wa mzizi. Kijiti kilikuwa kinachipua kwa akiba iliyobaki mwilini mwake, na akiba ilipokwisha, nacho kikaisha.

Aliniuliza kama angenunua ule unga wa dukani wa kuotesha mizizi vingepona. Nikamjibu ndiyo, tena haraka. Leo nisingemjibu haraka vile, kwa sababu tangu siku ile nimeua vijiti vingi tu vilivyopakwa unga, na nimeona vingine visivyopakwa chochote vikishika kwenye kifusi cha ujenzi. Kwa hiyo kama na wewe umesimama kwenye duka la pembejeo, kikopo mkononi, hujui ukirudishe au ulipie, tuziweke njia zote mbili kwenye mizani moja.

Ndani ya kikopo kuna nini

Mmea una homoni yake ya kuotesha mizizi, inaitwa auksini. Hutengenezwa zaidi kwenye ncha changa na majani machanga, kisha huteremka na shina kuelekea chini. Mwaka 1928 Mholanzi Frits Went alionyesha, kwa kutumia miche michanga ya nafaka, kwamba kweli kuna kitu kinachoshuka kutoka kwenye ncha na kuamuru ukuaji wa huko chini. Sasa ukikata tawi, auksini inaendelea kuteremka, inafika kwenye mkato, inakosa pa kwenda. Inarundikana pale. Rundo hilo ndilo linaloziamsha seli za karibu na mkato zigeuke kuwa mizizi.

Unga wa dukani unaongeza rundo, basi. Mwaka 1935 watafiti wa Marekani Zimmerman na Wilcoxon walionyesha kwamba asidi ya indolibutiriki inafanya kazi hiyo vizuri, na mpaka leo ndiyo utakayoikuta kwenye vikopo vingi kwa herufi IBA, pengine ikiwa na mwenzake NAA, auksini nyingine ya kutengenezwa. Inapendwa kwa sababu haiharibiki upesi kama auksini ya mmea wenyewe, ambayo mwanga tu unaivunja.

Ukilielewa hilo la rundo, nusu ya ubishi unakwisha. Upo mmea wenye rundo la kutosha: ukiupaka unga unampa maji samaki. Upo ambao rundo lake ni dogo, na hapo unga unaonekana kazi yake. Na upo ambao hata ukiurundikia kikopo kizima, seli zake haziitikii.

Nitavipima kwa nini

Nitaangalia mmea wenyewe, muda na aina ya mizizi inayotoka, fedha na upatikanaji hapa Mwanza, makosa ambayo kila njia inakaribisha, msimu, na usalama wa mikono na chakula. Bei nimeiweka katikati makusudi. Watu wengi huanza nayo, na inawapotosha.

Lakini ulinganisho hauna haki kama vijiti vyenyewe havikukatwa sawa. Mtu anakata vya unga asubuhi kwa mkasi mkali, vya bila unga anavunja kwa mkono saa saba mchana, halafu anasema unga umeshinda! Kwa njia zote mbili, kata alfajiri au asubuhi mapema, mmea ukiwa bado umejaa maji ya usiku. Chagua tawi lisilo na ua, lenye unene wa penseli kwa miti kama bogenvilia na haibiskasi, si ile ncha laini inayopinda wala shina la kijivu lililokomaa kama kuni. Urefu wa sentimita 15 hadi 20, macho matatu au manne, yaani vile vifundo vinavyotoa chipukizi. Mkato wa chini upite chini kidogo ya jicho na uwe wa mshazari, wa juu uwe bapa, ili usije ukachomeka kichwa chini. Usicheke. Ukiwa na vijiti hamsini kwenye beseni vyote vinafanana, na auksini haipandi mlima kwa sababu wewe umegeuza kijiti. Majani ya chini toa yote. Ya juu bakiza mawili au matatu, na kama ni mapana yakate nusu, yasinyonye maji ambayo kijiti hakina pa kuyapata.

Udongo wa kuoteshea nao ni nusu ya kazi. Hapa tuna bahati ambayo watu wa mikoa mingine wanaitafuta: maganda ya mpunga. Nenda kwenye mashine ya kukoboa yoyote, utayakuta yamerundikwa nyuma kama kichuguu. Ninayachoma taratibu, chini ya debe lililotobolewa, mpaka yawe meusi lakini hayajawa majivu, kisha nayazima kwa maji. Nachanganya sehemu moja na sehemu moja ya mchanga mnene wa mto uliooshwa. Ukishika konzi moja na kuifinya, maji yanatoka kidogo, na ukifungua kiganja linamomonyoka lenyewe. Udongo mweusi wa mbugani ule wa kunata uache huko huko, unashika maji mpaka kijiti kinaoza. Samadi pia usiweke wakati huu. Kijiti hakina mdomo bado, na samadi mbichi inaleta kuvu.

Mmea wenyewe

Hapa ndipo uamuzi unapofanyika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Bila homoni, orodha ni ndefu kuliko watu wanavyodhani. Marando ya viazi vitamu hayajawahi kuona unga tangu Usukuma iwe Usukuma: unakata kipande cha sentimita 25 hadi 30, unafukia theluthi mbili kwenye tuta, wiki haijaisha mizizi ipo. Pingili ya muhogo, hivyo hivyo. Miwa, minyaa ya uzio, mlonge wa kukatwa gogo, mforosadi, mtini, nana, na mani planti ya sebuleni ambayo inaota ndani ya chupa ya maji. Haibiskasi nyekundu ya kawaida nayo hushika vizuri bila kitu. Ninavyoona mimi, kwa mimea hii unga ni pesa ya bure kwa muuzaji.

Kwa homoni, mimea inayofaidika kweli ni ile ya katikati. Bogenvilia ndiyo ya kwanza. Ile ya zambarau ya kizamani ina roho ngumu, inashika hata bila unga ukiwa na subira, lakini zile za rangi nyeupe, za machungwa, na zile zenye majani ya madoa ni wagumu wa tabia. Waridi lipo kwenye kundi hilo, pamoja na asumini, rozmari, mkomamanga, na mlimao ukiotesha kwa kijiti. Mpera ni mgumu zaidi: bila homoni usijisumbue, na hata kwa homoni unahitaji kijiti chenye majani, unyevu wa hewa muda wote, na moyo wa kukubali kupoteza.

Kisha lipo kundi la tatu, ambalo wenye vikopo hawalitaji. Mwembe na parachichi havioti kwa vijiti kwa namna ambayo mtu wa kawaida ataweza, ndiyo maana vitaluni vinabebeshwa, yaani kikonyo cha mti mzuri kinaunganishwa juu ya mche mwingine. Mpapai otesha kwa mbegu. Mnazi na mitende usikate kabisa, huna unachokitafuta. Nimeona mtu Igoma amepaka unga vijiti vya parachichi, akavifunika vizuri, akavimwagilia miezi miwili. Huruma ilinishika, lakini tayari alikuwa anaviita miche.

Ng'ambo ya ziwa, Kagera, kuna somo zuri la kwa nini mtu ahangaike na vijiti badala ya mbegu. Kahawa ya Robusta haijichavushi yenyewe, lazima ipate chavua ya mti mwingine, kwa hiyo mbegu zake zinakuja na sura za mchanganyiko. Ukitaka mti ulio sawasawa na mama yake, unakata kijiti. Na kijiti chenyewe lazima kitoke kwenye chipukizi linalosimama wima. Ukikata tawi la pembeni litaota mizizi vizuri tu, halafu mti utatambaa ubavu maisha yake yote. Homoni haibadilishi hilo. Inaotesha mizizi, haimfundishi mti kusimama.

Muda, na mizizi inavyotoka

Ukiotesha bila unga, bogenvilia inaweza kukuweka wiki nane hadi kumi na mbili. Waridi wiki sita au zaidi. Haibiskasi ni wiki nne au tano, nana siku chache tu. Vijiti havitembei pamoja: kimoja kinaota leo, kingine mwezi ujao, cha tatu kinakaa kijani bila kufanya lolote. Mizizi mara nyingi ni michache, inatokea upande mmoja au kwenye jicho la chini tu.

Ukipaka unga, kwa mimea ya kundi la katikati, tofauti ya kwanza utakayoiona ni hiyo hiyo ya mizizi kabla hata ya muda. Nilishawahi kufungua viriba viwili siku moja, vijiti vya mti mmoja, vilivyokatwa asubuhi moja. Cha bila unga kilikuwa na mizizi miwili mirefu iliyokwenda kushoto kama ndevu za beberu. Cha unga kilikuwa na shada zima, imezunguka mkato pande zote, mifupi, myeupe. Vyote viwili hai. Lakini kile cha shada nilikihamishia kwenye kiriba kikubwa bila wasiwasi, na kile cha ndevu mzizi mmoja ulikatika mkononi. Kwa muda, unga huokoa wiki kadhaa, na kubwa zaidi ni kwamba kundi linatoka kwa pamoja.

Je, inakuhusu? Kama unauza miche, sana: mteja anataka kumi zinazolingana, hataki za ngazi. Kama unapanda uzio wako mwenyewe, mwaka ukipita sidhani utazitofautisha.

Kwa njia yoyote, majani yasikudanganye kama yalivyomdanganya mama jirani. Shika kijiti kwa vidole viwili, kivute kwa upole wa kumgusa mtoto aliyelala. Kikigoma, kuna kitu chini. Kikija chote na una bahati, utaona uvimbe mweupe wenye chembechembe kwenye mkato. Huo si mzizi, ni kidonda kinafunga. Kirudishe ukasubiri.

Fedha na upatikanaji

Bila unga gharama ni viriba, mchanga, na jasho. Unachoongeza ni idadi: ukitaka kumi, chomeka ishirini na tano. Kama mti mama uko uani kwako, vijiti vya ziada havina bei. Kama umeomba tawi moja kwa mtu mwenye bogenvilia adimu, na amekupa kwa kusitasita, hesabu inageuka.

Kwa unga, usiangalie bei ya kikopo peke yake, igawe kwa vijiti. Kikopo kidogo kinapaka mamia, kwa sababu kila kijiti kinachukua vumbi tu. Anayeotesha vijiti mia tatu kwa msimu hatausikia uzito wa bei. Anayeotesha sita atakuwa amenunua ng'ombe ili apate kikombe cha maziwa, na kikopo kitaharibikia kabatini.

Tatizo la kwetu liko kwenye kupata kilicho sahihi. Unga huu una nguvu tofauti: asilimia 0.1 kwa vijiti laini, 0.3 kwa vilivyokomaa nusu, 0.8 kwa miti migumu. Madukani utakuta nguvu moja tu, ile iliyoletwa mwezi huo, na muuzaji atakuambia inafaa kwa vyote. Mimi niliwahi kununua unga uliopimwa kwenye mfuko wa nailoni, hauna lebo wala tarehe, kwenye duka ambalo sitalitaja. Ulikuwa na madonge kidogo. Nilipaka vijiti vyangu vyote vya waridi na havikuonyesha tofauti yoyote na vile visivyopakwa. Unga ukishaingia unyevu na joto unapoteza nguvu, na macho hayawezi kujua. Tangu hapo nanunua kilichofungwa kiwandani chenye tarehe, nakihifadhi penye baridi na giza, au sinunui kabisa.

Makosa ambayo kila njia inakaribisha

Njia isiyo na homoni kosa lake kubwa ni haraka. Mtu anavuta kila siku kuangalia, anavunja vile vimizizi vya kwanza. Au anakata tamaa wiki ya tano na kumwaga kiriba ambacho kingeota wiki ya saba.

Njia ya homoni ina makosa mengi zaidi, na hili watu hawalitegemei. Mkono mzito ni mmoja: ukipaka mpaka kijiti kikaonekana kimevaa soksi nyeupe, mkato unaungua, unakuwa mweusi, unaoza, na macho ya juu yanakataa kuchipua. Chovya sentimita moja au mbili, kisha kigonge kijiti ukingoni mwa chombo mpaka vumbi la ziada lidondoke. La pili ni kuchovya moja kwa moja kwenye kikopo. Utomvu na maji vinaingia, na ugonjwa wa kijiti kimoja unahamia kwa vyote vinavyofuata. Mimina kijiko kwenye karatasi, tumia, kinachobaki tupa. La tatu ni kuchomeka kwa nguvu: unga wote unabaki mdomoni mwa shimo, kijiti kinaingia kitupu. Tangulia kutoboa kwa kalamu au kijiti kingine kinene kidogo, ndipo uingize na kukandamiza.

Wapo pia wanaotumia homoni ya maji maji. Mchanganyiko mkali wanachovya sekunde tano tu, na ule mwepesi wanaloweka usiku kucha. Ukibadilisha hizo mbili kwa bahati mbaya, umepika supu.

Msimu wa hapa

Tunaishi juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, joto la mchana wetu ni lile ambalo mizizi inalipenda. Joto si tatizo letu. Tatizo ni upepo mkavu wa Juni hadi Septemba, ambao unamaliza maji ya majani kabla kijiti hakijapata mzizi wa kunywea. Hapa unga na kukosa unga vinalingana kabisa. Kijiti kilichokauka kimekauka.

Kinachosaidia ni chupa ya maji ya lita moja na nusu, iliyokatwa kitako, ikafunikwa juu ya kiriba kivulini. Asubuhi utaona matone yamejishika ndani kama jasho. Yakiwepo usimwagilie. Majani mapya yakianza na kijiti kikigoma kuvutwa, fungua kizibo wiki moja, kisha uondoe chupa jioni, si mchana. Wakati wa vuli, Oktoba mpaka Desemba, na wa masika, Machi mpaka Mei, unaweza kuachana na chupa kwa mimea mingi, ila angalia mkasa wa pili: mvua inayopiga moja kwa moja inajaza viriba na kuosha unga. Weka chini ya mwembe au turubai.

Mtu asiye na homoni afanye kazi yake mwanzoni mwa mvua, hewa imsaidie kazi ambayo unga ungeifanya. Mwenye homoni ana uhuru kidogo zaidi wa kalenda, lakini uhuru huo anaulipia kwa chupa na kivuli.

Mikono, watoto, na chakula

Hili ni fupi. Bila homoni huna la kuogopa zaidi ya kisu. Kwa homoni, vaa glavu au mfuko wa nailoni mkononi, usivute vumbi lake, nawa, weka mbali na watoto wanaodhani ni poda. Vikopo vingi ni vya maua na miti ya mapambo, soma lebo kabla ya kugusa mmea wa kuliwa. Nana na rehani hakuna sababu hata moja ya kuvipaka, vinaota vyenyewe na utavitia kwenye chai mwezi ujao.

Na magonjwa hayaondolewi na njia yoyote kati ya hizi. Batobato na michirizi ya kahawia ya muhogo vinasafiri ndani ya pingili yenyewe. Ukikata kwenye mti mgonjwa umepanda ugonjwa, na unga utausaidia tu uote mizizi. Kwa muhogo tafuta pingili safi. TARI Ukiriguru, kituo cha utafiti wa kilimo pale Misungwi, ni watu wa zao hilo, na bwana shamba wa kata atakuelekeza zinakopatikana.

Asali, mdalasini na jamaa zake

Kuna wanaotaka kukaa katikati. Asali inazuia vijidudu kidogo kwenye mkato, mdalasini unazuia kuvu kidogo. Si homoni, havioteshi mzizi, ila vinaweza kukiweka kijiti hai muda mrefu kidogo huku kikijitafutia. Utomvu wa alovera wengi wanausifu, mimi sikuona kikubwa lakini sikuona madhara. Maji ya dafu yana homoni kweli, isipokuwa zinazojulikana zaidi humo ni za kuchochea machipukizi, na chipukizi ndilo hasa lililoviua vijiti vya mama jirani. Afadhali unywe.

Sasa wewe uko wapi

Kama unapanda chakula, yaani viazi, muhogo, miwa na mboga za kukata, au uzio wa minyaa, acha kikopo dukani na tumia pesa hiyo kwenye pingili safi.

Kama una haibiskasi au bogenvilia ya zambarau ya nyumbani na unataka miche mitano ya kupendezesha geti, subiri mvua za Oktoba, chomeka kumi na tano bila kitu. Ukipata nane umegawia na wakwe.

Kama unaanza kuuza miche kando ya barabara na oda zako ni bogenvilia za rangi, waridi na asumini, nunua asilimia 0.3 iliyofungwa, na kila kundi acha vijiti vichache bila unga. Hivyo vichache ndivyo vitakavyokuambia unga wako bado uko hai au umekufa kwenye rafu.

Kama umepewa tawi moja la kitu adimu na hutapewa tena, paka, funika kwa chupa, na ugawe tawi vipande viwili: kimoja chenye unga, kingine bila. Ukiunguza kimoja kwa mkono mzito, mwenzake bado yupo.

Kama ni mwembe au parachichi, tafuta anayejua kubebesha.

Na kama unasoma hii mchana, matawi umeshayakata na yamelala kwenye ndoo juani tangu saa nne, usihangaike kuchagua. Yape mbuzi, kesho saa kumi na mbili asubuhi ukate mengine.